Ukuta mpya wa plasta: upake nini kwanza, na nini juu yake?

Watu hubishana wiki nzima kuhusu rangi ya krimu na rangi ya maziwa, halafu suala la kitakachopakwa chini yake huamuliwa kwa dakika mbili mbele ya kaunta. Rangi ya juu ukiichoka unapaka nyingine. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, ukikosewa, hata rangi bora kuliko zote itabanduka nao kwa mapande, na ukigeuza pande moja utaona vumbi la plasta limeng'ang'ania mgongoni mwake. Maana yake rangi ilishika vumbi, haikuwahi kushika ukuta.

Kwa hiyo tutalinganisha kuanzia chini kwenda juu, na tutakaa zaidi huko chini.

Saruji au jipsamu?

Plasta ya saruji na plasta ya jipsamu hufanana zikishalainishwa, lakini tabia zao ziko mbali kabisa, na ushauri unaoifaa moja huiharibu nyingine.

Saruji haikauki tu, inaiva. Inahitaji maji ili ipate nguvu, ndiyo maana fundi anayeijua kazi huimwagilia siku za mwanzo, hasa kukiwa na jua kali au upepo. Ikiwa mbichi ina alkali kali sana, pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 12 hadi 13, na ukali huo hupungua taratibu usoni mwa plasta kadiri hewa ya kaboni inavyoingia. Kanuni inayofuatwa sana ni kusubiri siku 28 kabla ya kupaka rangi, tena hapo hali ya hewa iwe nzuri. Msimu wa mvua, au chumba kisichopitisha hewa, ongeza. Ukiharakisha na rangi ya mafuta, alkali pamoja na unyevu huyashambulia mafuta yaliyomo ndani ya rangi na kuyageuza sabuni. Hilo si neno la kutishia. Ni kemia ileile inayotumika kutengeneza sabuni ya kuogea, na utaitambua kwa rangi inayonata, laini, ambayo ukucha unaivua. Rangi ya maji huvumilia zaidi, ila nayo yaweza kupauka kwa madoa mahali alkali ilipobaki kali.

Jipsamu hushika ndani ya saa chache. Baada ya hapo haihitaji maji tena, na kilichobaki ni maji ya ziada kutoka. Kuimwagilia ni kuirudisha nyuma. Haina ukali wa saruji, kwa kawaida pH yake haiko mbali na ya maji. Skimu, yaani tabaka jembamba la kulainisha, ya milimita 2 au 3 yaweza kuwa tayari ndani ya siku chache hadi wiki moja, lakini ile nene, milimita 10 na zaidi, inadai wiki kadhaa. Tatizo lake si alkali bali ni kiu: inanyonya maji ya rangi kwa kasi mno hadi rangi inakauka juu kabla haijapenya.

Saruji basi inakutaka subira na kinga ya alkali. Jipsamu inakutaka uizimishe kiu. Sehemu kubwa ya ushauri unaogongana kuhusu kuta mpya hugongana kwa sababu msemaji mmoja anawaza saruji na mwenzake anawaza jipsamu.

Umekauka kweli?

Jicho husaidia. Saruji hutoka kijivu kilichokolea ikawa kijivu cha majivu. Jipsamu nayo hupauka. Tazama pembe za chini, nyuma ya mlango na mahali ukuta unapokutana na dari, kwani huko ndiko hewa inakochelewa. Doa moja lililokolea linatosha kukusimamisha.

Jicho likikuachia shaka, chukua kipande cha nailoni angavu cha kama sentimita 45 kwa 45, kibandike ukutani kwa tepu pande zote nne pasibaki mwanya, ukiache usiku kucha, saa 16 au zaidi. Ukikuta matone kwa ndani, au plasta iliyofunikwa imekolea kuliko ya jirani, unyevu bado unatoka. Zipo mashine ndogo za kupima unyevu zenye pini mbili, na ni nzuri, ila chumvi zilizomo kwenye plasta mpya zaweza kuzidanganya zionyeshe unyevu kuliko uliopo. Mimi bado naiamini nailoni.

Kwenye saruji ongeza kipimo cha pili: karatasi za kupimia pH. Lowesha sehemu ndogo kwa maji safi, bandika karatasi, linganisha rangi yake na ya kwenye kasha. Ikisoma 12 au 13, ama subiri ama panga kutumia praima (rangi ya msingi inayopakwa chini) ya kuzuia alkali.

Usijaribu kuharakisha kwa hita. Jipsamu inayokaushwa kwa moto hupasuka nyufa nyembamba, na saruji inayonyimwa maji mapema hubaki dhaifu, ukipitisha kiganja kinatoka na unga. Fungua madirisha, weka feni isukume hewa chumbani bila kuupiga ukuta moja kwa moja, basi.

Ukiona ukuta umetoa unga mweupe, hizo ni chumvi zilizoletwa nje na maji. Zipanguse kwa brashi kavu. Ukiziosha zinayeyuka, zinarudi ndani, na wiki ijayo zinachungulia tena. Zikiendelea kutoka baada ya kupanguswa mara kadhaa, tafuta maji yanatoka wapi kabla hujafungua kopo lolote.

Mkono wa kwanza: wagombea wanne

*Rangi ya maji iliyozimuliwa.* Hii ni rangi ya kawaida ya maji, isiyong'aa, ile isiyo na vinili (gundi ya plastiki) nyingi, iliyochanganywa na maji. Uwiano unaotajwa sana ni rangi sehemu 3 kwa maji sehemu 1, na kwa ukuta wenye kiu kali watu hufika hata nusu kwa nusu. Soma kopo kwanza, maana mtengenezaji ndiye anayejua rangi yake inavumilia maji kiasi gani. Inafanya kazi kwa sababu maji ya ziada yanaipa rangi muda wa kupenya kwenye vitundu vya plasta kabla ya kukauka, kisha inashikia humo. Kwa jipsamu iliyokauka vizuri, mimi sitafuti kingine: ni rahisi, inapumua, na inaonyesha kasoro zote za plasta mapema ungali na nafasi ya kuziziba. Ubaya wake ni kwamba inachuruzika. Rola inarusha matone hadi kwenye nywele, na sakafu isipofunikwa itakusimulia baadaye.

Usizimue rangi ya kung'aa, ile ya silki. Ina gundi nyingi kuliko poda, kwa hiyo hutengeneza ngozi juu ya ukuta badala ya kuingia, na ngozi hiyo ndiyo huvimba malengelenge unyevu wa mwisho unapotaka kutoka.

*Praima ya kuzuia alkali.* Siku hizi nyingi ni za akriliki, aina ya plastiki, zinazochanganywa na maji. Zimetengenezwa zistahimili pH kubwa na kuitenga rangi ya juu na ukali wa saruji. Kwa plasta ya saruji ndiyo chaguo langu, hata pale siku 28 zimetimia, kwa sababu uso unaweza kupoa huku ndani kungali kukali, na mvua moja ya upepo kwenye ukuta wa nje inatosha kuirudisha alkali usoni. Ni ghali kuliko rangi iliyozimuliwa, ila inapunguza kiasi cha rangi ya juu, kwa hiyo pengo si kubwa kama linavyoonekana kwenye bei ya kopo. Ila haikaushi ukuta. Wapo wanaoipaka kwenye plasta mbichi wakidhani "kuzuia alkali" ni "kuzuia maji".

Kwa jipsamu praima hii haina dhambi, ila unalipia kinga usiyoihitaji.

*Siila ya kushika vumbi.* Hii ni ya mgonjwa. Kama plasta inatoa unga hata baada ya kufagiwa, aidha kwa sababu ya mchanga kuzidi au maji kunyimwa, siila nyembamba inayopenya huishikanisha chembe. Lakini ina mpaka wake: ukikwangua kwa kisu na plasta ikamomonyoka kwa kina, dawa ni kubomoa eneo hilo na kusiriba upya. Hakuna kimiminika kinachoweza kuigeuza plasta mbovu kuwa nzima.

*Gundi nyeupe ya PVA iliyochanganywa na maji.* Inapendwa kwa sababu ni rahisi na ukuta unaonekana umetulia mara moja, haunyonyi tena. Hapo ndipo penye kasoro. Gundi imeziba vitundu, imeacha utando juu, na rangi haina pa kushikia. Zaidi ya hayo gundi ya kawaida ya PVA hulainika tena ikipata maji, na rangi ya maji ina maji. Mafundi wa plasta huitumia kuzuia kiu ya ukuta wa zamani kabla ya kupiga plasta mpya juu yake, na hapo ina mantiki yake. Chini ya rangi, hapana. Kama mtu ameshaipaka kabla hujafika, kwaruza msasa kuondoa utando kadiri uwezavyo, kisha tumia praima inayoshika kwenye nyuso laini.

Kuna na mgombea wa tano asiyetajwa: kupaka rangi nzito moja kwa moja, mikono mitatu, "itashika tu". Inashika hadi siku ya kwanza utakapobandua tepu.

Kwa kweli tepu hiyo ndiyo kipimo kizuri cha mkono wa kwanza. Ukishakauka siku nzima, bandika kipande cha tepu mahali pasipoonekana, kikandamize, kivute kwa haraka. Kikitoka kitupu, endelea. Kikitoka na rangi yenye unga nyuma, simama. Kuongeza mikono juu yake ni kuongeza uzito kwenye kitu kinachotaka kuanguka.

Jambo moja kuhusu jipsamu iliyosuguliwa mno na mwiko hadi ikang'aa: hapo rangi iliyozimuliwa huteleza na kukusanyika matone. Pitisha msasa wa namba 120 kwa mkono mwepesi kuondoa mng'ao, futa vumbi, ndipo upake. Vaa barakoa, vumbi la plasta, hasa la saruji yenye mchanga, si la kuvuta.

Kupiga puti au kuacha?

Saruji iliyosuguliwa kwa sponji ina chembechembe, na wengi huitaka laini. Ukipiga puti, yaani uji mzito wa kulainisha ukuta, chagua kwa kuangalia chumba. Puti ya saruji nyeupe hustahimili unyevu, kwa hiyo inafaa bafuni, jikoni na kuta za nje. Puti ya jipsamu au ya chokaa nyeupe husuguka kwa urahisi na hutoa uso mwororo zaidi, ila ikilowa inalainika. Zote mbili zapaswa kukaa juu ya plasta kavu, mikono miwili myembamba badala ya mmoja mnene, kisha msasa, kisha praima. Puti nayo ni uso mpya wenye kiu, na kuiruka praima kwa sababu "tulishapaka chini" ni kosa linaloonekana sana.

Kama huna haja ya ulaini wa kioo, acha. Rangi isiyong'aa juu ya saruji iliyosawazishwa vizuri hupendeza kwa namna yake, na tabaka linalopungua ni tabaka lisiloweza kubanduka.

Dari si ukuta uliolala

Dari ya zege iliyopigwa plasta hukauka kwa kuchelewa. Zege lenyewe lina maji yake, na lina upande mmoja tu wa kuyatolea ikiwa juu kumezibwa. Usihesabu siku kwa kuangalia kuta. Pima dari peke yake.

Dari ya bodi za jipsamu ina shida nyingine. Haina unyevu wa kutisha, lakini ina nyuso mbili: karatasi ya bodi na puti ya kwenye maungio. Zinanyonya tofauti, na ukipaka rangi moja kwa moja maungio yatajichora kama mistari, hayatafichika hata kwa mkono wa tatu. Hapa praima ya bodi inaishinda rangi iliyozimuliwa, kwani kazi yake ni kusawazisha unyonyaji, na maji mengi hayaipendezi karatasi.

Kwa rangi ya juu ya dari sina mashaka: isiyong'aa kabisa. Mwanga wa dirisha hutambaa darini kwa pembeni na kila tuta la mwiko linatupa kivuli. Rangi yenye mng'ao huyatangaza matuta hayo, isiyong'aa huyameza. Paka ukianzia dirishani kwenda ndani, na usiache ukingo ukauke kabla hujaunganisha, la sivyo utaona michirizi ya miunganiko kila asubuhi.

Dari itangulie, kuta zifuate. Doa la njano la maji ya zamani halizibwi na rangi ya maji, litapenya tena. Zuia uvujaji, acha pakauke, paka praima ya kuzuia madoa yenye asili ya mafuta au shelaki (utomvu wa wadudu) mahali hapo tu, kisha endelea na rangi yako.

Rangi ya juu

Isiyong'aa inapumua vizuri zaidi, inaficha kasoro, na ukiharibu sehemu unaweza kupaka hapo tu pasionekane kiraka sana. Haipendi kusuguliwa. Silki inafutika alama za mikono, ila inaonyesha kila tuta, na kwenye ukuta ambao miezi ya mwanzo bado unatoa unyevu inaubania. Mapatano mazuri kwa nyumba mpya ni kupaka isiyong'aa sasa, kukaa hata mwaka mmoja nyufa ndogo za nyumba kutulia zijitokeze, kuziziba, ndipo upande kwenye silki kama bado unaitaka. Hiyo njia ina subira ambayo wengi hawana, najua. Zipo rangi za akriliki zisizong'aa zinazovumilia kufutwa, na kwa sebule yenye watoto ndizo ningezitafuta kwanza.

Bafuni na jikoni ni pengine. Huko akriliki yenye mng'ao mdogo na kinga ya kuvu inafaa, lakini juu ya plasta iliyokauka kabisa. Rangi ya mafuta ukutani sioni sababu yake tena, isipokuwa milango na fremu.

Kuna njia mbili za kale ambazo duka halitakuonyesha kwa haraka. Chokaa ya maji hupakwa mikono kadhaa myembamba juu ya plasta ya chokaa au ya saruji, alkali haiisumbui kwa kuwa yenyewe ni alkali, na kuvu haiipendi. Ila inachafua nguo ukiegemea, na rangi zake ni za upole tu. Ya pili ni rangi ya silikati, ambayo Adolf Wilhelm Keim alipewa hataza yake (haki ya uvumbuzi) mwaka 1878 huko Bavaria, Ujerumani. Hii haikai juu ya ukuta, inaungana nao kikemia na kuwa sehemu ya madini yake, kwa hiyo haibanduki kwa ngozi. Kwa saruji na chokaa ni rangi ya miaka mingi. Kwa jipsamu haifai, kwa kuwa haipati cha kuungana nacho.

Brashi, rola au mashine

Brashi ni ya kingo: kata ukanda wa sentimita 5 hadi 8 kuzunguka dari, pembe na fremu, kisha rola ifuate kabla ukanda haujakauka. Rola ya manyoya mafupi kwa jipsamu laini, ya wastani kwa saruji, ndefu kwa ukuta wa chembe. Wengi huchukua ndefu kwa sababu inabeba rangi nyingi, na kwenye ukuta laini inaacha ngozi ya chungwa.

Hesabu rangi kwa ukubwa wa eneo. Chumba cha mita 4 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.5 kina kuta za mita za mraba 35 na dari ya 12, kabla ya kutoa mlango na madirisha. Idadi ya mita iliyoandikwa kwenye kopo ni ya uso uliokwisha kuzibwa. Kwa mkono wa kwanza kwenye plasta mpya ongeza robo au theluthi.

Mashine ya kupulizia inafaa nyumba nzima tupu, kabla ya sakafu ya mwisho na vifaa kuingia. Hapo inakimbia kuliko rola tatu. Kwa mkono wa kwanza awepo mtu nyuma yake na rola, auingize ukungu huo ndani ya plasta, kwani rangi iliyopuliziwa tu hukaa juu ya vumbi bila kulisukuma. Na kama ni chumba kimoja katika nyumba inayokaliwa, muda utakaouokoa kwenye kupaka utaumaliza kwenye kufunika madirisha, swichi na kabati. Chukua rola.